Soya: kubana mistari kumenilipa kuliko kuongeza mbegu (mrejesho kutoka Muheza)

#1 KambaMbili

Wakuu, salaam.

Mwaka jana niliuliza humu kuhusu nafasi ya kupanda soya nikajibiwa kila namna. Mmoja sentimita 75 kwa 10 (mstari hadi mstari, kisha shimo hadi shimo), mwingine 45 kwa 5, wa tatu akaniambia "mwaga tu, soya haina maringo". Sikubishana na mtu. Nilinunua kamba ya katani, nikaikata, nikafunga mafundo, na masika nikapanda vipande vitatu vya robo ekari kila kimoja. Shamba ni moja, mbegu ya gunia moja, siku moja, watu walewale wa kupanda.

Kipande A: mistari sentimita 75, shimo hadi shimo 10, mbegu mbili kila shimo.
Kipande B: mistari 50, shimo hadi shimo 15, mbegu mbili.
Kipande C: mistari 50, shimo hadi shimo 10, mbegu mbili.

Mwenye kupenda hesabu azidishe. 75 mara 10 ni 750, na 50 mara 15 ni 750. Kwa hiyo A na B kila shimo lina eneo lilelile, mbegu ni zilezile, karibu 108,000 kwa ekari. Kilichobadilika ni umbo tu: A miche imebanana mstarini na njia ni pana, B imetawanyika. C nimeongeza mbegu nusu yake tena, kama 162,000 kwa ekari.

Baada ya kupura na kupepeta nilipima kwa mizani ya duka la jirani. A kilo 127, B kilo 150, C kilo 154. Kila kimoja robo ekari.

Yaani kutoka A kwenda B sikuongeza hata punje ya mbegu, nikapata kilo 23. Kutoka B kwenda C niliongeza mbegu kilo mbili, nikapata kilo 4, na bado sijui kama hizo 4 ni za mbegu au ni za mizani ya Mpemba wetu, maana ule mshale hausimami.

Na palizi: A nilipalilia mara tatu, ya tatu kwa hasira. B na C mara mbili, wiki ya sita majani yalikuwa yameshikana juu ya njia, ndago zikakosa jua.

Nimemaliza. Karibuni mnipige mawe.

#2 Nazi Mbata

Nimeweka mkeka hapa. Mwenye kahawa apitishe upande huu.

#3 Kijana wa Chumbageni

Mkuu hongera kwa kazi, ila nina swali. Mimi nimekuwa naangalia video za Wamarekani, wale ndio mabingwa wa soya duniani pamoja na Brazil. Mashamba yao mengi ni mistari ya inchi 30, ambayo ni sentimita 76. Sasa kama 75 ni mbaya, wao wanavunaje?

#4 Bwana Shamba Mstaafu

Kijana wa Chumbageni, swali zuri, na jibu lake liko kwenye mashine. Mkulima wa Illinois au Iowa analima mahindi na soya kwa kupokezana. Mashine ya kupandia mahindi imewekwa inchi 30, na mtu hanunui mashine ya pili kwa ajili ya soya kama ya kwanza inafanya kazi. Kwa hiyo ile 76 ni nafasi ya mahindi ambayo soya ameazimwa. Wenye uwezo wengi walishahamia inchi 15, yaani sentimita 38, na wengine inchi 20.

Jambo la pili, urefu wa siku. Soya ni mmea unaosoma saa za usiku. Usiku ukirefuka, unatoa maua. Kule Illinois mwezi wa sita mchana ni kama saa 15, mmea unajenga mwili kwanza, matawi yanatoka, unapata muda wa kuziba hiyo njia ya sentimita 76. Hapa Tanga tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote haizidi saa 12 na nusu. Aina fupi ya muda mfupi ukiipanda hapa inaweka maua mapema ikiwa bado inakufika magotini. Itazibaje njia ya 75? Haizibi mpaka inavunwa.

Ndiyo maana hakuna jibu moja la nafasi. Aina ndefu ya kuchelewa, yenye matawi, unaweza kuipa 50 hadi 60 ikajaa. Aina fupi ya kuwahi, ibane 40 au 45.

Kwa KambaMbili: kazi nzuri, lakini nakupa jiwe moja uliloliomba. Kipande kimoja kimoja, msimu mmoja. Kama A kilikuwa upande wa juu wa mteremko na C bondeni, umepima mteremko. Ungekata vipande vyembamba, A-B-C, halafu B-C-A, halafu C-A-B, ukajumlisha. Ukubwa wa shamba haubadiliki, ni kuhamisha kamba tu.

#5 KambaMbili

Jiwe limefika mzee wangu, shikamoo. Na kweli A kilikuwa upande wa juu, ingawa mteremko wenyewe ni wa kumwaga maji ya kuogea tu. Masika ijayo nitachanganya vipande kama ulivyosema.

Aina niliyopanda ni fupi, inafika kiunoni kwa shida.

#6 Mzigua wa Handeni

Nyie wa Muheza mnaongea kwa raha kwa sababu mna mvua. Njooni Handeni. Mimi nilisikia hizi habari za kubana, nikapanda 40 kwa 5. Shamba likawa la kijani mpaka watu wanasimamisha pikipiki kuangalia. Mvua ikakata wakati maganda yanaanza kujaa. Kila mche ukawa unamvuta mwenzake maji chini. Nilivuna maganda mapana yenye punje kama dengu.

Jirani yangu ambaye aliruka mashimo kwa uvivu alinipita.

#7 Bwana Shamba Mstaafu

Mzigua, pole. Ila tenganisha mambo mawili ambayo watu wote humu wanayachanganya. Kuna *upana wa mstari* na kuna *idadi ya miche*. Wewe ulibana vyote viwili. 40 kwa 5 mbegu moja moja ni miche 50 kwa mita moja ya mraba, zaidi ya 200,000 kwa ekari. Kwenye mvua ya Handeni hiyo ni harusi ya watu 500 na pishi mbili za mchele.

Mahali pakavu punguza idadi, usipanue mstari. Weka 45 au 50 kwa 15, mbegu mbili. Mstari mwembamba unafunika udongo mapema, jua halipigi ardhi tupu, maji yanayopotea kwa kukauka juu yanapungua. Idadi ndogo inafanya kila mche uwe na akiba chini. Jirani yako hakukushinda kwa uvivu, alikushinda kwa idadi.

#8 MamaKuku Pongwe

Mimi si mkulima, ni mnunuzi. Nina kuku wa mayai, soya nainunua, naikaanga, naisaga (msije mkalisha kuku soya mbichi, ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, kuku anakula na hakui). Naomba niulize: kwa nini magunia mengine nakuta punje za kijani zimechanganyika na za njano? Ni hii mibanano yenu?

#9 KambaMbili

Mama, hapana, mara nyingi hizo ni za mtu aliyerudishia. Mbegu hazikuota vizuri, akasubiri wiki tatu, akarudishia kwenye mapengo. Ile ya kwanza inakauka, ya pili bado mbichi, anavuna zote siku moja.

#10 MamaKuku Pongwe

Ahaa. Basi kuna watu wa Mkinga nina maswali nao.

#11 Mbondei Asiyelala

Nina la kuongeza kwenye hoja ya #1 maana naona watu wataondoka na nusu.

Kwa nini B ilikaribia C wakati C ina mbegu nyingi zaidi? Kwa sababu soya inajaza pengo yenyewe. Mahindi ukiyapanda machache, kila shina litakupa gunzi moja, mawili ukibahatika, pengo linabaki pengo. Soya ikipata nafasi inatoa matawi kutoka chini, na matawi yanabeba maganda. Ikibanwa inapanda juu na shina moja jembamba, maganda machache. Mwisho wa siku, miche 27 yenye maganda 40 na miche 40 yenye maganda 27 ni kitu kilekile: 1,080 kwa mita ya mraba. Nimetoa mfano tu, kahesabu ya kwako.

Lakini tawi haliwezi kuvuka njia ya 75 kama mmea wenyewe ni mfupi. Hapo ndipo mstari unapozidi mbegu kwa umuhimu. Ndani ya mstari soya inasamehe. Kati ya mstari na mstari haisamehi.

Mimi natumia kipimo cha bibi. Wakati maua yameanza, nenda shambani saa sita mchana, jua likiwa utosini. Simama katikati ya njia uangalie chini. Ukiona jua limemwagika kwenye udongo, hilo ni jua ambalo lingekuwa ndani ya maganda, na kuanzia maua mpaka punje zijae ndio muda ambao mmea unaongeza kilo. Ukiona kivuli na vidoadoa vya mwanga tu, mistari yako iko sawa, acha kelele.

#12 Kijana wa Chumbageni

Kwa hiyo mbegu chache tu inatosha? Si nitapanda 50 kwa 30 nijiokolee hela?

#13 Mbondei Asiyelala

Taratibu. Kusamehe kuna mwisho. Ukiwa na miche michache mno, matawi yanatoka chini kabisa na maganda ya kwanza yanakaa karibu na udongo. Mvua inayarushia matope, yanaoza, na siku ya kuvuna kwa panga au mundu unayaacha chini. Miche ikibanana kiasi, ganda la kwanza linapanda juu, unakata bila kuinama sana. Mgongo nao ni pembejeo.

Ukizidisha, nalo ni balaa jingine: shina jembamba, upepo wa kusi ukija shamba linalala. Na kwetu huku unyevu haukauki chini ya majani, kutu ya soya (ugonjwa wa ukungu) inapenda hapo. Ukiona vidoa vya kahawia upande wa chini wa majani ya chini, halafu majani yanapukutika kabla ya wakati, ujue imeshaingia.

#14 Nazi Mbata

Mimi nina minazi ya babu, nafasi kati ya mnazi na mnazi ni kubwa. Nikipanda soya katikati?

#15 Bwana Shamba Mstaafu

Kivuli kikiwa kizito soya itarefuka kutafuta jua, ilale, ikupe majani ya kulishia mbuzi. Minazi mirefu mizee iliyoachana inaruhusu jua, jaribu kipande kidogo.

Palipo bora zaidi kwa mkoa wetu ni kwenye mkonge mchanga. Mkonge hupandwa mistari miwili miwili na kuachwa njia pana ya kupita. Miaka ya mwanzo kabla haujatanuka ile njia iko wazi. Weka soya mistari michache ya 50, ukiacha mita nzima kutoka kwenye mkonge pande zote, maana miba haina adabu. Jamii ya kunde inafaa pale, na mizizi ikibaki ardhini baada ya kukata inaacha naitrojeni.

Na tukiwa hapo, kijana mmoja aliwahi kuniambia soya ni zao la Mbeya na Songea, sisi wa Tanga tunaiga. Nikamwambia soya iliingia nchi hii kupitia Amani, Muheza hapohapo, mwaka 1907, Wajerumani walipokuwa na kituo chao cha utafiti juu ya milima. Ilipita hapa kwanza ndipo ikaenda huko.

#16 KambaMbili

Hiyo ya Amani sikuijua. Kumbe nimezaliwa kilomita chache kutoka mlangoni.

#17 Mzigua wa Handeni

Mnasahau vinundu vya mizizini, ambamo bakteria huupa mmea naitrojeni. Mwaka wa kwanza kabisa nilipanda nafasi nzuri tu, 50 kwa 10, soya ikawa njano kama bangili ya bandia. Nikang'oa: mizizi mitupu. Kumbe shamba halijawahi kuona soya, bakteria wake hawapo. Kuna aina zinazokubali bakteria wa kienyeji, hizo za TGx zilizotokana na kazi ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Nigeria, lakini yangu haikuwa hiyo. Msimu uliofuata nikanunua chanjo ya mbegu (hao bakteria wenyewe), nikachanganya na maji ya sukari kidogo ishike, kivulini, nikapanda palepale. Ukichanganya asubuhi ukapanda jioni baada ya jua kali, umewaua, umepanda sukari.

Wiki ya sita ng'oa mche taratibu kwa jembe, pasua kinundu kwa kucha. Ndani kiwe chekundu au pinki. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi. Mtu ambaye hajaangalia hilo asianze kubishana kuhusu 45 au 50.

#18 Mbondei Asiyelala

Kweli tupu. Na mbolea ya fosfeti. Vinundu vinaila sana.

#19 Kijana wa Chumbageni

Wakuu sasa naomba msaada wa kweli, maana mimi si wa video tu. Nina ekari moja upande wa Maramba, mistari 50, mashimo 10, mbegu mbili. Imeota wiki mbili zilizopita lakini vibaya. Mbegu nilihifadhi mwenyewe tangu mavuno ya mwaka jana, gunia kwenye chumba cha bati hapa mjini. Kuna mahali imesimama vizuri, kuna mahali pamekaa wazi. Fundi wangu wa shamba anasema tung'oe tupande upya. Nifanyeje?

#20 Bwana Shamba Mstaafu

Chumba cha bati, Tanga mjini, mwaka mzima. Mwanangu, hapo ulikuwa unaichemsha polepole. Punje ya soya ina mafuta, joto na unyevu wa pwani vinaiua upesi kuliko mahindi. Mbegu ikaushwe vizuri, ikae mahali pa baridi, na kabla ya kupanda hesabu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya siku tano hadi saba uone ngapi zimetoa mzizi wenye afya. Zikiota 80 au zaidi panda kawaida. Zikiwa 60 ongeza mbegu. Chini ya hapo tafuta nyingine.

Sasa usiamue kwa macho. Macho yanaona mapengo tu. Chukua kamba ya mita 8 na sentimita 10. Kwa mistari ya 50, urefu huo ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Ilaze kando ya mstari, hesabu miche, zidisha kwa 1,000, umepata miche ya ekari. Rudia sehemu tano, usichague palipo pazuri wala pabaya. Tupa fimbo nyuma yako bila kuangalia, ilipoanguka hesabu hapo. (Mwenye mistari ya 45 kamba iwe mita 9, mwenye 75 iwe mita 5.4.)

Rudi na namba.

#21 Nazi Mbata

Fundi wa shamba asiyelipwa kwa kupanda upya ana maoni gani? Naulizia tu.

#22 Kijana wa Chumbageni

Nimetoka shambani leo. Nimetupa fimbo mara tano, moja imeingia kwa jirani nikarudia. Namba: 74, 58, 81, 66, 71.

#23 Mbondei Asiyelala

Jumla 350, gawa kwa tano, 70. Miche 70,000 kwa ekari. Ulikusudia 162,000. Umepata pungufu ya nusu, lakini si msiba.

#24 Bwana Shamba Mstaafu

Usiing'oe.

Utapoteza kiasi cha mavuno, sikudanganyi, hasa kama aina yako ni fupi. Lakini fikiria gharama ya upande wa pili: mbegu mpya, vibarua tena, na wiki nne za masika umeshazitupa, kwa hiyo soya mpya itajaza punje mvua ikiwa inaondoka. Miche 70,000 iliyowahi inaweza kukupa zaidi ya 160,000 iliyochelewa.

Usirudishie katikati ya miche iliyosimama. Itafunikwa na wakubwa zake, na itakayopona ndiyo itakayompelekea Mama wa Pongwe punje za kijani. Pale palipo wazi kabisa, pengo la kutosha mtu kulala, chomeka choroko au kunde, utazichuma kivyake.

Kazi yako sasa ni palizi. Shamba lililojaa linajipalilia lenyewe kuanzia wiki ya sita. Lako litachelewa kufunga, kwa hiyo usitegemee kivuli. Palizi ya kwanza fanya wiki hii, ya pili kabla ya maua, na uwe tayari kwa ya tatu. Maua yakishatoka usiingie na jembe, utayapukutisha.

Msimu ujao fukia mbegu sentimita 3 hadi 4, isizidi 5. Soya inatoka ardhini na kichwa chake, inabeba zile nusu mbili za punje. Ukiizika chini sana, au mvua kubwa ikapiga na udongo ukaweka gamba juu, shingo inakatika. Huenda nusu ya mapengo yako ni ya kina, si ya bati.

#25 Kijana wa Chumbageni

Nashukuru mzee, shikamoo. Nimefukua mapengo mawili matatu jioni hii. Kwenye shimo moja punje imeoza, hiyo ya bati. Mawili yaliyobaki nimekuta shingo imepinda chini ya gamba, imekatika. Fundi alikuwa anachimba kwa jembe kubwa, kina cha mahindi.

Nimemwambia hatung'oi. Amekasirika kidogo. Kesho tunaanza palizi, na choroko kilo mbili nimezipata pale sokoni Mgandini.

#26 KambaMbili

Ukivuna weka kilo hapa, hata zikiwa chache. Na hiyo kamba ya mita 8 na kumi usiitupe, nitaiazima.

#27 MamaKuku Pongwe

Akivuna za njano tupu anitafute kabla ya dalali.